Tathmini ya Istilahi za Volkano: Mfano wa Tanga na Pwani ya Kaskazini

Mkoa wa Tanga hauna volkano. Milima ya Usambara, ambayo mtoto wa Muheza au wa Korogwe huiona kila kunapokucha, ni ya miamba ya kale mno iliyoinuliwa kwa ardhi kukatika na kupanda, wala haikutokana na mwamba ulioyeyuka. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji katika mawe ya chokaa. Kwa hiyo mwalimu wa Tanga anapofundisha somo la volkano hana kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wake kupitia dirisha la darasa, na mfasiri aliyepewa kazi ya kutafsiri waraka wa tahadhari hana kumbukumbu ya kumwongoza. Wote wawili wanategemea neno tu. Mkaazi wa Goma akipewa istilahi mbovu, macho yake mwenyewe humsahihisha. Mkaazi wa Tanga hana msahihishaji wa namna hiyo, na ndiyo sababu tumeamua kuzipima istilahi za volkano zinazotumika vitabuni, redioni na katika nyaraka za serikali kwa kumfikiria msomaji huyu wa pwani.

Kipimo tunachokitumia ni kimoja. Tunauliza: mtu ambaye hajapata kuiona volkano, akilisikia neno hili, atafahamu nini, na ufahamu huo utamfanya atende nini? Uzuri wa sauti ya neno na asili yake tunauheshimu, lakini tumeuweka nyuma ya swali hilo.

Tuanze na usemi uliozoeleka kupita yote, yaani "mlima wa moto". Usemi huu ni mwepesi, unakaa vyema mdomoni, nao humpa mtoto picha mara moja. Tatizo ni kwamba picha yenyewe haifanani na volkano inayomfikia msomaji wetu. Kwa mtu wa pwani ya Tanga, Kilimanjaro ni maji. Mvua inayonyesha katika misitu ya Kilimanjaro na Meru huzama katika mianya ya miamba iliyomwagwa na volkano zamani, hutokea tena chini ya milima kwa njia ya chemchemi, kisha hukusanywa na mito ya Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto hushuka hadi Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale iliyoanza kazi mwaka 1964 na yenye uwezo wa megawati 21, halafu ile ya Pangani iliyozinduliwa mwaka 1995 na yenye uwezo wa megawati 68, na mwishowe humwagika baharini katika mji wa Pangani baada ya safari ya kilomita zipatazo 500. Wako wazee wanaosimulia kwamba mapango ya Amboni yana njia ya chini kwa chini inayofika hadi Kilimanjaro. Hadithi hiyo haina ushahidi, lakini aliyeitunga hakukosea alipohisi kwamba Tanga na mlima ule vimeunganishwa. Kiungo chenyewe kiko wazi, juu ya ardhi, na mamba wamo ndani yake.

Kuna pia magadi. Magadi yanayotiwa katika maharage, makande na kisamvu ili viive upesi hupatikana kwa wingi katika maziwa ya Bonde la Ufa kama vile Natron, lililo chini ya Ol Doinyo Lengai, ambako chumvi za volkano huoshwa na mvua na kukusanyika. Basi volkano imeingia hadi jikoni mwa Tanga pasipo cheche hata moja. Mwanafunzi aliyefundishwa "mlima wa moto" hatautambua uhusiano huo, kwa kuwa neno lenyewe limemwambia kwamba pasipo na moto hapana volkano. Tunashauri usemi huu uachwe kwa wasimulizi wa hadithi, na vitabu vya shule vibaki na "volkano".

Kuhusu tahajia hatutakawia. Ziko kamusi zinazoandika "volkano" na ziko zinazoandika "volkeno". Tofauti hiyo haimdhuru mtu yeyote isipokuwa mtahiniwa anayekatwa alama. Sisi tunafuata "volkano" kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi Tanzania. "Kasoko", kwa maana ya shimo la kileleni, ni neno linalofaa na linastahili kutumiwa kuliko "kreta", ijapokuwa msomaji wa mara ya kwanza hudhani limetajwa soko dogo. "Zaha" ina mashaka zaidi. Imo katika baadhi ya maandishi kwa maana ya mwamba ulioyeyuka unaotoka nje ya ardhi, lakini nje ya maandishi hayo hatujaisikia ikitumiwa katika mazungumzo, na sikio la mswahili hulikimbiza neno hilo upande wa "mzaha". Watangazaji wameikwepa, wakasema "lava", au "uji wa moto", au "tope la moto". Katika kitabu cha sekondari "zaha" inaweza kufafanuliwa ikaeleweka. Katika tangazo la dharura, ambapo hakuna nafasi ya ufafanuzi, tungependelea "uji wa moto", kwa sababu kila mtu ajua uji hutiririka kufuata mteremko na hajaribu kuukanyaga.

Sasa tunafika kwenye neno ambalo kwetu ndilo lenye kasoro kubwa kuliko yote, nalo ni "mlipuko". Karibu kila habari ya volkano katika Kiswahili husema volkano imelipuka. Kulipuka ni jambo la ghafla, lenye kishindo na la kupita: bomu hulipuka, baruti hulipuka, na siku hizi hata kipindupindu hulipuka. Msikilizaji anayeambiwa kuwa mlima umelipuka husubiri kishindo. Asipokisikia, hukaa.

Tazama yaliyotokea Nyiragongo, mashariki ya Kongo. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima upande wa kusini, na uji wa moto ukatoka katika nyufa hizo, ukapita katikati ya mji wa Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Malaki ya watu walikimbia. Zaidi ya watu 100 walikufa, na makumi kati yao waliuawa na mlipuko hasa, lakini mlipuko huo ulikuwa wa kituo cha petroli kilichoshika moto siku chache baada ya uji kupita. Mlima wenyewe ulikuwa umefanya kitu kingine. Mwaka 1977, tarehe 10 Januari, ziwa la uji wa moto lililokuwa kileleni lilijimwaga kupitia nyufa kwa muda usiozidi saa moja, likitiririka kwa kasi ambayo mtu kwa miguu hawezi kuikimbia. Tarehe 22 Mei 2021 mambo yakajirudia usiku, watu zaidi ya 30 wakafa, na uji ukasimama pembezoni mwa mji. Mara zote tatu hatari ilitoka ubavuni, mbali na kasoko, nayo ilikuja kwa kutiririka. Ni neno gani kati ya tuliyo nayo linaloeleza hivyo?

Kiswahili kinalo, tena ni la siku nyingi. Ni "kufoka". Chungu kinapochemka hadi kilichomo kikatoka na kumwagika pembeni, husemwa kinafoka. Maji yanayotoka kwa nguvu ardhini nayo hufoka. Na jirani yake, kwa tofauti ya irabu moja tu, ni "kufuka": moshi hufuka, mvuke hufuka. Kwa hiyo lugha yetu imekwisha kutupa vitenzi vitatu vilivyopangika kwa hatari: volkano inafuka, volkano inafoka, volkano inalipuka. Inapofuka, gesi na moshi vinatoka na watu wakae macho. Inapofoka, uji wa moto unamwagika na walio kwenye mabonde na miteremko waondoke. Inapolipuka, mawe na jivu vinarushwa juu na hatari huanguka kutoka angani. Ni jambo la kusikitisha kwamba wafasiri wamevirundika vitenzi vyote vitatu ndani ya kimoja kwa sababu tu lugha walizokuwa wakizitafsiri zina neno moja.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba kufoka kuna maana ya kusema kwa hasira. Hatuoni ubaya wake. Mlima ukifoka, msikilizaji atahisi ukali wake. Ya pili ni ya nomino. "Mfoko" itakubalika, lakini kutokana na kufuka hatuwezi kupata "mfuko" bila ya kuchekwa sokoni, hivyo "ufukaji" utatosha. Ya tatu ni nzito kidogo: je, kulipuka kusitumike kabisa? La. Kutumike panapostahili. Ol Doinyo Lengai, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikifoka polepole uji mweusi wenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, yaani kama nusu ya joto la zaha ya kawaida, iligeuka Septemba 2007 ikalipuka kwelikweli na kurusha jivu hadi mwaka 2008, baada ya matetemeko ya Julai yaliyosikika hadi Nairobi. Krakatau ya Indonesia ililipuka Agosti 1883. Mawimbi ya bahari yaliyosababishwa na mlipuko huo yaliua watu zaidi ya 30,000, na mawe yake mepesi yenye vitundu yalielea katika Bahari ya Hindi hadi mwaka uliofuata yakafika pwani ya Afrika Mashariki. Hayo ndiyo mawe ambayo watu huyatumia kusugulia nyayo. Mvuvi aliyeyaokota mwaka 1884 aliipokea volkano mkononi bila ya kujua jina lake.

Neno "jivu" nalo linataka uangalizi, kwa kuwa udhaifu wake umejificha. Hakuna neno tunaloliona la kawaida zaidi. Jivu la jikoni ni jepesi na laini, huyeyukia katika udongo, husuguliwa sufuria, hunyunyizwa shambani, na mtoto akilichezea hupigwa kibao kwa kuchafuka tu. Lakini kinachoitwa jivu la volkano hakikuungua. Ni mwamba na vioo vilivyosagika hadi kuwa vumbi. Kina makali, hukwaruza macho na koo, hakiyeyuki katika maji, na kikilowa mvua huwa kizito hata paa la nyumba likaanguka. Mtu aliyeambiwa "jivu linaanguka" ataendelea na shughuli zake. Ndugu zetu wa Ngazidja waliyaona haya mwaka 2005 Karthala ilipolipuka mwezi Aprili na tena Novemba. Kisiwa hicho hakina mito ya kudumu, kwa kuwa mwamba wake hunywa mvua yote, na watu wengi hutegemea maji ya mvua yanayokingwa katika matangi. Jivu liliingia katika matangi, na maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa. Tangazo lingeweza kuwa fupi kabisa: funika tangi, ondoa mfereji wa paa, ziba pua kwa kitambaa. Lakini nani atafunika tangi kwa ajili ya jivu?

Hatupendekezi kulifuta neno hilo, maana limekwisha kukaa. Tunapendekeza lisiandikwe peke yake. Liwe "jivu la volkano" kila mara, na katika matangazo lifuatwe na maneno "yaani vumbi la mwamba". Vumbi la mwamba hueleweka papo hapo kwa mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na mashine ya kokoto. Faida yake pia itaeleweka vizuri zaidi kwa njia hiyo. Pozolana inayochimbwa Holili, mkoani Kilimanjaro, ni mazao ya volkano, na mwamba wa namna hiyo ukisagwa na kuchanganywa na klinka itokanayo na mawe ya chokaa, hupatikana saruji iliyo imara mbele ya maji. Msomaji wa Tanga, ambaye kiwanda cha saruji cha Pongwe kiko mlangoni pake, hatashangaa kuwa vumbi la mwamba huwa saruji. Akiambiwa jivu huwa saruji, atadhani anafanyiwa mchezo.

Katika kuainisha volkano, vitabu huzigawa katika zilizo hai, zilizolala na zilizokufa, na baadhi huandika "volkano mfu". Hai na lala hatuna neno nazo. "Mfu" ndiyo tunayoikataa inapotumiwa ovyo. Tumeona maandishi ya wanafunzi yanayoiita Kilimanjaro volkano mfu, ilhali katika kasoko ya Kibo bado kunafuka gesi yenye harufu ya kiberiti. Meru ilitoa jivu mara ya mwisho mwaka 1910, umri wa babu na bibi tu. Mtumishi wa serikali anayepanga makazi na kukuta katika ramani mlima umeandikwa "mfu" hana sababu ya kuuliza zaidi. Kwa vilima na milima ambayo wanajiolojia wameshathibitisha kwamba haitafoka tena, neno "volkano iliyozimika" linatosha, maana kilichozimika watu huendelea kukichunga kwa muda. Maiti hazichungwi.

Tumetaja kiberiti, na hapa pwani ina haki ya kudai mali yake. Vitabu vya sayansi husema "salfa". Neno hilo limekubalika katika kemia na hatutaki kulitoa. Lakini kabla halijawa jina la njiti za kuwashia moto, kiberiti lilikuwa jina la madini yenyewe, kama lilivyo katika Kiarabu lilikotoka, na wazee walijua "kiberiti upele" kuwa dawa ya ngozi. Karibu na mapango ya Amboni ziko chemchemi za maji moto, zijulikanazo kama Galanos, ambako watu huenda kuoga kwa ajili ya maradhi ya ngozi na maumivu ya viungo. Harufu ya mahali hapo haihitaji maabara. Mwalimu anayetaka kueleza gesi za volkano kwa watoto wa Tanga awapeleke huko, awaambie hiyo ndiyo harufu ya kiberiti, kisha aandike ubaoni kuwa katika kemia huitwa salfa. Awaonye pia kwamba maji moto peke yake si ushahidi wa volkano, kwa kuwa maji yakizama mbali katika nyufa za ardhi hupashwa joto na kurudi juu. Na majina hayaaminiki sikuzote: ile chemchemi ya karibu na Boma Ng'ombe iitwayo Maji Moto, au Chemka, ina maji ambayo muogaji hatasema ni ya moto. Aliyeipa jina la pili aliangalia jinsi maji yanavyobubujika kutoka chini.

Madhara ya volkano yanayowapata watu wengi zaidi kaskazini mwa Tanzania hayana sauti wala mwanga, na istilahi yake ndiyo mbaya kuliko zote. Ni floraidi. Hutoka katika miamba na majivu ya volkano, huingia katika maji ya chemchemi na visima vya Arusha na Kilimanjaro, huyapa meno rangi ya kahawia na, ikizidi sana, hupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tumeiona ikiandikwa floridi, fluoridi na floraidi, na baya zaidi tumeona waraka mmoja wa ofisi, ambayo hatutaitaja, ukiyaita maji hayo "maji ya chumvi yasiyo salama" na kuwashauri watu wayachemshe. Floraidi haina ladha ya chumvi wala harufu, na kuchemsha huiongeza, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Mwananchi aliyeutii waraka ule alijidhuru kwa utiifu wake. Maneno sahihi yalikuwepo bila ya kuunda lolote: "maji yanayoharibu meno na mifupa". Kisha angeelezwa kwamba dawa yake ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Na kwa kuwa magadi nayo huweza kubeba floraidi, waraka wa namna hiyo unawahusu pia wapishi wa Tanga, walio mbali na miamba yenyewe.

Limebaki neno moja, ambalo wanasayansi wa dunia wamelitangulia kulitumia kabla ya vitabu vyetu. Katika mabonde na mashimo ya kandokando ya Goma, gesi ya ukaa hutoka ardhini. Ikiwa nzito kuliko hewa, hutuama penye mwinamo, na mnyama au mtoto apitaye hapo huanguka akafa. Wasemaji wa Kiswahili wa huko huiita "mazuku", upepo mbaya, na wataalamu wa volkano kutoka Ulaya na kwingineko huandika neno hilo hilo katika makala zao bila ya kulitafsiri. Kwetu mwalimu bado huandika sentensi nzima kueleza jambo hilo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hakuna sababu tena ya kukihesabu Kiswahili cha Goma kuwa cha pembeni katika jambo ambalo wao ndio wanaolijua. Tunapendekeza "mazuku" iingizwe katika orodha ya istilahi za jiografia, itumike katika ngeli ya wingi, mazuku haya, mazuku yametuama, na isiundiwe umoja wa "zuku", kwa kuwa gesi haihesabiki. Maoni ya walimu wa Tanga, na hasa ya wasomaji walio Kivu, tutayapokea kabla ya orodha kupelekwa katika kikao cha kusanifisha.